Likizo ya kutulia Jambiani: angalia mwezi kwanza, hoteli baadae

Dada mmoja wa Dodoma kaniuliza hivi: "Mwaka jana tulienda Unguja pwani ya mashariki siku nne. Siku ya kwanza saa nne asubuhi tumevaa nguo za kuogelea tunatoka nje, bahari haipo! Imeondoka, mchanga na majani tu mpaka kule mbali, watoto wakalia. Usiku mziki wa hoteli mpaka saa tisa. Hela imeenda na tumerudi tumechoka kuliko tulivyoenda. Mwaka huu nataka kijiji cha wavuvi kilichotulia, mi na mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 5, na mama mkwe ambae magoti yanamsumbua. Tuna siku sita, ni Juni au Desemba shule zikifunga. Twende wapi, lini, na huko tutafanya nini tusiboeke?"

Dada pole, ila nimecheka kidogo kwenye hiyo ya bahari haipo, maana kila mtu wa bara anaenda mara ya kwanza upande ule analia kilio hichohicho na hakuna alomwambia. Mi wageni nawapeleka upande wa mashariki miaka sasa na naweza kukwambia bila hata kuiona hoteli yenu kwamba mlifika siku za bamvua. Yaani mwezi ulikuwa mpya au mpevu. Kwa hiyo kabla hatujaongelea chumba wala boti tuanze na mwezi, kwa sababu upande ule mwezi ndo unaamua likizo yako itakuwaje, hoteli inafuata nyuma.

Iko hivi. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe huko juu ukashuka Kiwengwa, Uroa, Chwaka, mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, mbele kuna mwamba, ule mstari mweupe wa mawimbi unaouona mbali unapasuka. Kati ya mwamba na nchi kavu ni kama sahani pana, kina kifupi. Sasa kwenye bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inaweza kufika mita 4 hivi, na kwenye sahani ya kina kifupi mita 4 maana yake bahari yote inasepa. Wiki moja baadae ni maji mafu, tofauti inashuka kwenye mita 1 hivi, maji hayajai sana wala hayakauki sana, yapo tu yametulia siku nzima.

Na saa zake hazibahatishwi. Kwa Unguja siku za mwezi mpya na mpevu maji yanakupwa saa nne mpaka saa tano hivi asubuhi, na yanajaa saa kumi kumi na moja hivi, alfajiri na jioni. Halafu kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ukifika kwenye maji mafu mambo yanageuka, asubuhi saa nne hiyo hiyo maji yamejaa na jioni ndo yanapungua. Kwa hiyo mwaka jana mngeenda wiki moja mbele au nyuma, saa ile ile, mlango ule ule, mngekuta maji yanagusa ngazi.

Huna haja ya programu yoyote kwenye simu (ingawa zipo). Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile ya ukutani inatosha kabisa. Tarehe 1 mwezi umeandama, 14 au 15 umekamilika. Bamvua ni tarehe 1 mpaka kama 4, na 15 mpaka kama 18. Maji mafu ni kwenye 8, 9, 10 na kwenye 22, 23, 24. Wewe na watoto nakushauri mfike tarehe 4 au 5 ya mwezi wa Kiislamu, ama 18 au 19. Mtakuta mkia wa bamvua, siku mbili za mwanzo mchana maji yanatoka mnatembea kwenye sahani, mnaona watu wanavofanya kazi, halafu kuanzia siku ya tatu maji ya asubuhi yanakuja yenyewe mlangoni, watoto wanaoga mpaka wachoke, na mnaondoka maji yakiwa mazuri kabisa. Ukifanya kinyume, ufike maji mafu uondoke bamvua, watoto watakuwa wameshazoea maji ya asubuhi af unawanyang'anya siku ya mwisho, hapo kilio kinarudi palepale.

Wapi sasa. Mi nakwambia Jambiani. Najua utasema Jambiani nayo ina hoteli, ni kweli, zimejaa, ila Jambiani ni ndefu, ni kijiji kimejinyoosha kando ya bahari kilometa kadhaa, na watu bado wanaishi humohumo katikati, skuli ipo, misikiti ipo, wavuvi wanashusha samaki mbele ya nyumba zao. Nungwi na Kendwa huko kaskazini bahari haikauki, waogeleaji wanapapenda, lakini utulivu unaoutafuta huupati kule. Paje ni jirani kabisa na Jambiani ila Paje ni vijana na makaiti angani na mziki, na siku za wikiendi unasikika mbali. Kwa hiyo ukitafuta sehemu Jambiani nenda katikati au kusini, sio ule upande unaopakana na Paje. Ulizia Kibigija au Kikadini, wenyewe watakuelewesha. Kuna watu watakwambia nenda Mafia au Pemba ndo kimya kweli, sawa ni kimya, ila na mama mkwe mwenye magoti na siku sita tu, safari itakula siku zako. Mafia muende nyie wawili siku nyingine.

Lini: Juni. Desemba mwanzoni sio mbaya ila vuli inakuwa bado inamalizia mikono yake, joto limepanda, na ukifika tarehe 20 bei inapaa kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya na vyumba hakuna. Juni katikati masika imeisha, watalii wa Julai na Agosti hawajajaa, kwa hiyo mwenye nyumba anaongea na wewe vizuri. Hali ya hewa ni ya kusi, yaani upepo wa kusini, kumekauka na kuna ubaridi kidogo, usiku unajifunika shuka, kwa mtu wa Dodoma utaona kama nyumbani tu. Ubaya wake nikuambie mapema: kusi inapiga moja kwa moja usoni upande ule, kwa hiyo kuna upepo, na majani ya bahari yanatupwa ufukweni mengi. Hayana uchafu wowote, ni majani tu, watoto hawayajali, wanaoyalalamikia ni wapiga picha. Na ukija mwaka mwingine angalia Ramadhani iko wapi, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, maana mchana wa Ramadhani kijijini kula hadharani hakuna, hata maji unakunywa ndani, na migahawa ya wenyeji imefungwa. Kwa mwenye watoto wadogo ni usumbufu bure.

Safari yenyewe siku hizi imekuwa nyepesi. Treni ya SGR Dodoma mpaka Dar ilianza 2024, mnapanda asubuhi mchana mko Dar, na stesheni haiko mbali na bandari ya boti. Ila usijaribu kuunganisha treni na boti siku hiyohiyo na watoto na bibi, utakimbia na mabegi mpaka goti la mama liishe kabisa. Laleni Dar usiku mmoja, mpande boti ya asubuhi, ni mwendo wa masaa mawili hivi mmefika. Kuna kitu watu hawajui kuhusu boti na kusi: kwenda Unguja upepo unakuwa nyuma yenu, mnasukumwa, boti inateleza tu. Kurudi Dar ndo mnaukata upepo usoni, hapo boti inapiga miguno. Kwa hiyo kurudi pia chukueni ya asubuhi upepo ukiwa haujaamka vizuri, kaeni chini nyuma sio juu mbele, na bibi asile maharage asubuhi hiyo, chai ya tangawizi na mkate inatosha. Bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mtaviulizwa kwenye tiketi.

Ukishuka bandarini Malindi watakuvamia. Kule wanaitwa papasi, ndio, kama wale wadudu wa kwenye nyufa, na jina limewakaa. Sio watu wabaya wote, ila kila anachokuuzia kina asilimia yake ndani. Mwambie "ahsante nimeshapokelewa" kwa sauti ya kawaida usisimame. Na kweli uwe umeshapokelewa: mwambie mwenye nyumba wa Jambiani akutumie gari, Noah moja inawatosha watano na mizigo. Daladala ipo, 309, ni gari ya shamba kama wenyewe wanavosema, yaani ya vijijini, bei ndogo sana na ni raha zake, unakaa na madebe ya mafuta na kuku, ila kwa magoti ya mama hapana, tumieni siku moja tu nyie na watoto kwenda Paje mkarudi, wapate kuionja.

Njiani simameni mara mbili. Mwanakwerekwe sokoni mnunue matunda na mboga na ndimu, kwa sababu kijijini mboga ni chache na imesafiri kutoka hukohuko. Na Jozani, ipo barabarani kabisa, hifadhi ya taifa tangu 2004, kuna kima punju wale wekundu mgongoni ambao hawapo popote duniani isipokuwa Zanzibar, na raia analipa bei ya raia. Nusu saa inatosha. Mama akae getini kwenye kivuli, kima wenyewe mara nyingi wanakuja mpaka barabarani.

Kulala. Usikodi hoteli, kodi nyumba. Hapa ndo nataka unisikilize maana hela ya mwaka jana ilipotelea hapa. Vyumba viwili vya hoteli siku sita na kula mgahawani watu watano mara tatu, hiyo ndo inayomaliza. Jambiani zipo nyumba za vyumba viwili vitatu zenye jiko, na mwenye nyumba atakupatia mama wa kupika, unamlipa kwa siku, unampa hela ya sokoni, unakula chakula ambacho hoteli yoyote haikupi. Kabla hujatuma hela mpigie simu, usiandike meseji, piga, umuulize haya: baa ya karibu iko nyumba ya ngapi na inapiga mziki siku gani? Umeme ukikatika kuna nini? Maji ya bomba ni ya chumvi? (Atasema "kidogo". Ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama makuti, bebeni shampuu na mnunue maji ya kunywa ya dumu kubwa.) Ngazi ngapi kufika chumbani kwa mama? Choo cha kukaa kipo? Na nyumba iko mstari wa kwanza au wa pili kutoka baharini? Mi mstari wa pili naupenda zaidi, bei inashuka, upepo wa kusi haukupigi kofi usiku kucha, na ni dakika mbili kufika majini. Tuma nusu tu, nusu ukifika. Anaekataa nusu achana nae.

Sasa kelele. Nikuandae: saa kumi na moja alfajiri utasikia adhana, tena sio moja, zinapokezana, halafu majogoo, halafu wavuvi wanaitana. Hizo sio za kulalamikia, hiyo ndo saa ya kijiji, na ukitoka nje na kikombe chako wakati huo utaona ngalawa zinatoka moja moja kuelekea kwenye mlango wa mwamba, tanga limeshonwa kwa viroba na vitambaa, na mtu mmoja amesimama mkiani kimya. Mi nimeona mara nyingi na bado naamka.

Mtafanya nini? Hili swali lako la kuboeka ndo lilinikaa. Dada, umeandika unataka kutulia halafu unaogopa kutulia. Siku mbili za kwanza utaboeka, ndio, mkono utakuwa unaitafuta simu, siku ya tatu inakuachia. Lakini vitu vipo, tena vinakuja vyenyewe na maji.

Maji yakitoka mchana siku zile mbili za mwanzo, vaeni viatu, yeboyebo au raba za zamani, usithubutu kwenda pekupeku maana kuna viumbe weusi wa baharini wenye miba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na mwiba wake ukiingia unakatikia humo humo. Nendeni taratibu. Kwanza mtapita kwenye duara za mawe karibu na ufukwe mtadhani watoto wamechezea, sio. Humo wamezika makumbi ya nazi. Yanakaa chini ya mchanga na maji ya chumvi miezi mingi mpaka yaoze, halafu kinamama wanafukua, wanayapiga kwa gongo mpaka zibaki nyuzi, usumba, ndo wanasokota kamba. Harufu yake ukiifukua! Mwanao wa miaka 9 hataisahau. Mbele zaidi ni mashamba ya mwani, yaani majani ya bahari yanayolimwa, vijiti vimepangwa kwa mistari na kamba zimefungwa mafungu mafungu. Kilimo hiki cha biashara kilianza 1989 hukuhuku Paje na Jambiani, na wengi wanaokifanya ni wanawake, na kwa wengi ndo ilikuwa hela ya kwanza kushika mkononi mwao wenyewe. Siku hizi maji yamepata joto, aina ile ya bei nzuri inakufa, wanabaki na ya bei ndogo. Kwa hiyo akiwa ameinama jua kali maji ya magoti usimpige picha kama mnyama wa mbugani. Salimia, "hamjambo mama, pole na kazi", msiruke kamba zake, zungukeni. Akikujibu vizuri muulize, ataongea, na ukitaka kumsaidia kufunga atakufundisha na atakucheka.

Pweza. Hapa nisimame kidogo. Nilikuwa nimekaa na bibi mmoja pale, amevaa kanga mbili na raba za mwanae zimemzidi, ana kijiti kirefu tu mkononi. Anatembea anaangalia chini, mi naona mawe, yeye anaona mlango. "Yupo ndani huyu." Mi sioni kitu. Akanionesha maganda ya kaa na chaza yamerundikwa nje ya kishimo, akasema pweza ni mchafu, anakula anatupa mlangoni. Akaingiza kijiti, kikavutwa kwa ndani, nilikiona kinatikisika. Dakika moja ametoka nae amemzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko. Akampiga chini kwenye mwamba, tena na tena, anahesabu kimoyomoyo, akaniambia usipompiga utatafuna kiatu. Jioni ya siku hiyo tulikula pweza wa nazi na boflo, yaani mkate. Watoto wako wakiyaona haya hawatauliza katuni.

Kitu kimoja uwaambie watoto kabla: kile chekundu kama nyota, kiti cha pweza, kisitolewe kwenye maji kwa ajili ya picha. Kila mtu anakinyanyua, anakishika dakika tano kwenye jua, anakirudisha kimeshaumia. Wakiangalie humo humo majini.

Maji mafu yakifika ndo kuoga, na ndo kupanda ngalawa. Usinunue safari kwa papasi wa ufukweni, mwambie mwenye nyumba akuunganishe na mvuvi mwenyewe, mpatane bei ya chombo kizima sio ya kichwa, mwende mpaka karibu na mwamba maji yakiwa yanajaa, watoto wavae maboya (uliza maboya yapo kabla hamjalipa, asipokuwa nayo asante kwaheri) na waangalie samaki na miwani. Lisaa limoja na nusu, mmerudi. Kizimkazi kuona pomboo mi siwapeleki watu siku hizi labda waning'ang'anie, maboti kumi yanamkimbiza mnyama mmoja, haina raha. Ila ukitaka kwenda Kizimkazi Dimbani kuona ule msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, hapo twende, na mama mkwe atafurahi kwa sababu ni kukaa na kuangalia. Jambiani kwenyewe kuna pango la Kuza lenye maji baridi, zuri kwa mchana wa joto, ila kuna ngazi, mama abaki.

Samaki wa kula msinunue hotelini wala kwa anaepita na ndoo saa saba mchana. Muulizeni mvuvi ngalawa zinarudi saa ngapi leo (inategemea maji, tena mwezi!) mkasubiri ufukweni. Vinashuka changu, kolekole, ngisi, tasi, siku ya bahati kamba. Wakubwa wanapigwa mnada hapo hapo na wewe mgeni usiingilie mnada, ni aibu na utapandisha bei kwa watu wanaoishi hapo, mtume mama anaewapikia yeye anajua kona zake. We angalia tu jicho, liwe limetuna linang'aa, na mashavu yawe mekundu. Mwambie akupikie chukuchuku siku moja, samaki wa kuchemsha na ndimu na pilipili na chumvi basi, na wali wa nazi. Asubuhi mtoto mmoja atapita na beseni la vitumbua na mandazi, mumpokee.

Mavazi na adabu ni fupi: ufukweni mbele ya hoteli vaeni mnavotaka, mkigeuka kuingia vichochoro vya kijiji jifungeni kanga, na mzee avae shati. Mabega na magoti, basi. Bia mume wako atapata hotelini, asitembee nayo mkononi kijijini. Mkipita barazani kwenye wazee wanacheza bao salimieni kwanza, na wakianza kuongea wao kwa wao usishangae huelewi nusu, hicho ni Kikae, Kiswahili cha kusini Makunduchi na Jambiani, hata watu wa mjini Unguja wanatoka kapa.

Dawa: bebeni Panadol, dawa ya kuharisha ya watoto ile ya unga, plasta, na dawa ya mama. Chandarua uliza kama kipo. Likitokea kubwa hospitali ipo Makunduchi, sio mbali kwa gari. Hela taslimu toeni mjini kabla hamjashuka shamba, mashine za benki huko ni za kubahatisha, wakala wa simu wapo ila siku ambayo mtandao hauko, hauko.

Nimebakiza mama mkwe, na kusema kweli mi namuonea wivu yeye kuliko nyie wote. Mtafutieni kiti chenye mgongo, sio zile za kulala za ufukweni, akikaa humo hanyanyuki. Muwekeni asubuhi kivulini upande wa nyuma wa nyumba, wa kijijini, sio wa baharini. Najua mtataka kumuweka mbele aone bahari, ila mbele kuna upepo na watalii, nyuma kuna watu. Ikifika saa nne atakuwa ameshapata mwenzake anaesuka ukili wa mikeka, wanaulizana wana wajukuu wangapi, ikifika siku ya tatu atakuwa anajua nani kaolewa wapi na nani kagombana na sheha (kiongozi wa mtaa), na nyie mtakuwa mnamuuliza yeye leo ngalawa zinarudi saa ngapi. Mchukulie kanga mbili za ziada kwenye begi, atazigawa.